Malaria hakuna na bado unatetemeka? Vua viatu uangalie miguu

Huku Kisumu mtu akianza kutetemeka hakuna anayeuliza maswali mengi, hiyo ni malaria. Na silaumu mtu, tunaishi kando ya ziwa, mbu ni wengi, malaria imezika watu huku kwetu wakubwa kwa wadogo, na mzazi ambaye mtoto wake amechemka usiku akiwaza malaria kwanza amewaza vizuri. Shida yangu iko hapo mbele kidogo, pale mtu ametolewa damu kidoleni, kipimo kimetoka kimesema malaria hakuna, alafu bado anafungiwa dawa ya malaria na panadol anaambiwa aende akalale. Hapo ndio nataka tukae, juu kama malaria hakuna na mwili unachemka, basi hiyo homa imetoka mahali, na mahali penyewe panaweza kuwa huko chini kabisa, kwa mguu, ndani ya gambuti, ambapo hakuna mtu ameangalia hata wewe mwenyewe. Ugonjwa nazungumzia unaitwa selulitisi, ni bakteria wameingia ndani ya ngozi.

Mi naosha magari kando ya ziwa. Miguu yangu inashinda kwa maji kutoka asubuhi mpaka jioni, gambuti inaingiza maji kwa juu au imepasuka chini, soksi hazikauki, ukienda nyumbani unavua unapata nyayo zimekunjamana. Karibu kila mtu kwa hii kazi ukimwambia afungue vidole vya mguu, hasa kati ya kile kidogo cha mwisho na kile kinachofuata, utapata ngozi imekuwa nyeupe, laini, imepasuka na inawasha. Sisi tunaionanga ni kitu ya kawaida tu, ni alama ya kazi, na sijawahi kuona mtu ameomba ruhusa aende hospitali juu vidole vinawasha. Wenzetu wanaopanda mpunga kule Ahero wako hivo hivo, na wale wa kuvua samaki, na mama wa kufua nguo za watu.

Sasa ilianza mchana, jua la Kisumu vile mnalijua, na mi nikaanza kusikia baridi. Si baridi ya kawaida, ni ile meno yanagongana na huwezi kushika kitambaa. Jamaa tunafanya naye kazi akaniangalia akaniambia, "Omera, unatetemeka na hii jua yote? Enda upimwe malaria." Nikavaa jaketi nikaenda. Kichwa kilikuwa kinauma, mgongo unauma, nikatapika njiani. Kwa duka moja la dawa wakanipima, kipimo kikasema hakuna, yule kijana akaniambia wakati mwingine malaria hujificha, akanipa dawa ya malaria na diklofenaki ya maumivu. Hakuuliza kitu ingine na hakuangalia mahali pengine popote. Kitu moja tu ilikuwa tofauti na malaria ambayo nimewahi kuugua, kwa kinena upande wa kulia kulikuwa na kinundu kinauma, nikitembea nakisikia. Mguu wenyewe wakati huo haukuwa na kitu cha kuonekana. Baadaye hospitalini ndio niliambiwa kwamba hii ugonjwa inaweza kukuletea homa na kutetemeka masaa kadhaa kabla ngozi haijaonyesha chochote, na kwamba hicho kinundu cha kinena ni tezi, ndiyo mlinzi wa mguu, ikivimba inakuambia kuna vita huko chini.

Asubuhi mguu ukajitokeza. Mama watoto ndiye aliushika wa kwanza, alikuwa anasukuma blanketi akagusa muundi wangu akashtuka, "Baba, huu mguu unachoma!" Akashika ule mwingine, akarudi kwa huu, akashika tena ule mwingine, alafu akaniambia niamke tunaenda hospitali kubwa na hakuna kungoja. Hiyo kulinganisha miguu miwili kwa mkono ndiyo kipimo cha kwanza na haina bei, tumia nyuma ya kiganja, inasikia joto vizuri zaidi.

Wacha niseme hapa kuhusu rangi, juu hapa ndio watu wengi weusi tunapotea. Ukisoma kuhusu selulitisi popote utaambiwa ngozi inakuwa nyekundu. Wanaandika nyekundu, picha wanazoweka ni za miguu ya Wazungu, nyekundu kweli kweli. Mi ni mweusi kabisa. Mguu wangu haukuwa mwekundu hata kidogo. Ulikuwa umevimba kutoka kifundo mpaka karibu na goti, ngozi imevutika inang'aa kama biringanya na rangi yenyewe imeelekea huko, zambarau nyeusi hivi, na kwa mwanga mdogo wa nyumba hungeona tofauti yoyote. Kama tungengoja wekundu tungengoja mpaka mguu uoze. Kwa ngozi yetu angalia vitu vingine, joto, uvimbe, maumivu ukigusa, ngozi kuvutika na kung'aa, sehemu kuwa nyeusi zaidi au ya zambarau kuliko mguu mwenzake, alafu kubwa zaidi, inatambaa, jana ilikuwa kwa kifundo leo imefika katikati ya muundi. Na ni mguu mmoja. Hiyo ya mguu mmoja nitairudia.

Kabla tutoke nyumbani baba mdogo alikuwa amefika. Yeye alisema nimekanyaga kitu, kuna mtu ameniwekea kwa njia, na kwamba kuna mzee anajulikana anachanja na wembe damu mbaya inatoka mguu unalala. Jirani naye alileta maji moto na chumvi ili nikandwe. Naheshimu baba mdogo na najua anatoka kwa upendo, lakini mtu akishika mguu wa aina hii na wembe amefungua milango mingine kumi ya bakteria, na kukanda kwa nguvu sehemu iliyovimba hivo ni kuumiza nyama ambayo tayari inapigana. Hii si jipu. Jipu lina usaha umekusanyika mahali pamoja, hilo daktari analipasua na usaha ukitoka unapona haraka. Selulitisi haina mahali pa kupasua, imeenea ndani ya ngozi ya chini na mafuta yaliyo chini yake, kila mahali kidogo kidogo.

Tukaenda kwa Jaramogi, ile hospitali ambayo wazee bado wanaita Russia. Daktari alikuwa mama wa makamo, na kile nilipenda ni kwamba hakukimbilia kuandika. Alinipima joto, presha, mapigo ya moyo, akanitoa damu, akapima sukari, akaniomba ruhusa ya kupima virusi vya ukimwi pia akanieleza kwa nini, kwamba sukari ikiwa juu au kinga ikiwa chini hii ugonjwa huwa kali. Alafu akavuta kiti akakaa kwa miguu yangu. Akafungua vidole kimoja kimoja. Alipofika kile cha mwisho akaniambia, "Mzee, hapa ndio mlango." Nikamwambia sijaumia, sijakatwa na kitu. Akasema si lazima ukatwe, huo ufa mdogo hapo katikati ya vidole unatosha. Bakteria wenyewe tunaishi nao, kuna wale wanaitwa streptokokasi na wengine stafilokokasi, wako kwa ngozi, kwa pua, kwa koo, hawafanyi kitu mpaka wapate pa kuingilia. Mlango unaweza kuwa ufa wa vidole, kisigino kilichopasuka, mahali funza ametolewa na pini, mahali mbu ameuma ukajikuna na kucha, mkwaruzo wa majani ya miwa. Kitu kidogo ambacho umeshasahau.

Alafu akauliza kazi. Nikamwambia kuosha magari, nasimamanga kwa maji ya ziwa. Hapo aliinua kichwa. Akanieleza kwamba maji ya ziwa na ya mto yana bakteria wake wengine ambao dawa ya kawaida ya selulitisi haiwagusi, kwa hivyo mtu akiwa ameingia na mguu wake kwa hayo maji ni lazima daktari ajue ili apange dawa vizuri. Kwa hivyo hata kama hujaulizwa, sema. Wewe ni mvuvi, sema. Unachota mchanga kwa mto, sema. Umetembea kwa maji ya mafuriko kule Nyando au Budalang'i, sema. Umeumwa na mbwa, sema pia. Na kama penisilini imewahi kukutoa vipele au kukuvimbisha uso, hiyo useme ya kwanza kabla sindano haijafunguliwa, ziko dawa zingine za watu kama nyinyi.

Alifanya kitu kingine ambacho sasa mi hufanyia watu. Alichukua biro akachora mstari kwa mguu wangu kuzunguka pale ugonjwa umeishia, na juu ngozi yangu haionyeshi mpaka vizuri alikuwa anatafuta na vidole, anabonyeza polepole ananiuliza hapa inauma? na hapa? anafuata maumivu na joto, anachora. Akaandika tarehe na saa kando ya mstari. Hiyo biro inafanya kazi ya mashine. Mtu yeyote atakayekuja zamu ya usiku anajua ugonjwa ulikuwa wapi na uko wapi saa hii.

Nikalazwa, nikawekwa kanyula kwa mkono nikaanza kupigwa dawa kwa mshipa, flukloksasilini na nyingine ya juu ya hayo maji ya ziwa. Si kila mtu hulazwa. Mtu ambaye hana homa kali, anakula, hatapiki, presha yake ni nzuri, anapewa vidonge anaenda nyumbani na anaambiwa arudi kuangaliwa. Mi nilikuwa natapika, kidonge hakingekaa, na nilikuwa natetemeka.

Kuna kitu ilinitisha na nataka muijue mapema. Nimepigwa dawa mchana na usiku, asubuhi naangalia mguu, uvimbe umevuka mstari wa biro. Nikajua nimekwisha. Nikaita sista, nikamwambia dawa haifanyi. Akaangalia chati akaniuliza, homa unasikiaje? Nikafikiria, kweli nilikuwa nimelala bila kutetemeka. Maumivu je? Yamepungua kidogo. Unataka chai? Nilikuwa nataka chai. Akaniambia siku ya kwanza na ya pili uvimbe unaweza kupanuka kidogo hata kama dawa imeshaanza kuua bakteria, juu mwili bado unapigana na mabaki yao, kwa hivyo angalia mtu mzima usiangalie mstari peke yake. Lakini ikifika siku ya pili au ya tatu na homa bado iko, maumivu yanazidi na mstari unaachwa nyuma kabisa, hapo sasa daktari lazima aitwe abadilishe kitu, au atafute kama kuna usaha umejificha ndani, au kama ugonjwa wenyewe si huu.

Mguu uinuliwe. Hii watu huidharau juu haina bei na haitoki kwa chupa. Si kuweka mguu kwa stuli huku umekaa, ni kulala na mguu uwe juu kuliko moyo, blanketi mbili zimekunjwa chini ya kisigino na muundi, ili maji yarudi. Nilikuwa nikiushusha tu niende choo nasikia damu inashuka na maumivu yanapiga. Nikiuinua, baada ya muda yanatulia. Mama watoto nyumbani aliendelea na hiyo kwa ukali kabisa, akiniona nimekaa na mguu chini anakuja na mto.

Kwa kitanda cha pili kulikuwa na baba mmoja, alikuwa mtu wa kukata matete. Yake ilianza kama yangu lakini yeye maumivu yalikuwa makubwa kuliko kile unaona kwa ngozi, yaani mguu ulikuwa umevimba kidogo tu lakini alikuwa analia mtu mzima. Alafu malengelenge yakatoka yenye maji meusi, sehemu zingine zikafa ganzi, na ilikuwa inatambaa kwa masaa si kwa siku. Madaktari waliona wakamkimbiza tieta usiku huo huo wakakata nyama iliyokufa. Hiyo si selulitisi tena, ni bakteria wameshuka mpaka kwa utando wa misuli na wanaua nyama, na dawa peke yake haitoshi, ni kisu na dawa pamoja na ni haraka. Alipona, lakini mguu wake uliacha shimo ambalo lilikuwa linafungwa bendeji wakati mi naruhusiwa. Kwa hivyo maumivu yakizidi kile unaona, ngozi ikigeuka kijivu au nyeusi, malengelenge, ganzi, ukibonyeza unasikia kama kuna hewa inapasuka chini ya ngozi, au mgonjwa akianza kuchanganyikiwa, kupumua mbio, kukosa mkojo, usingoje asubuhi. Omba gari la jirani, lipa boda mbili, fanya vile utafanya.

Nikatolewa na vidonge vya flukloksasilini, 500 mg, mara 4 kwa siku, kwa tumbo tupu, yaani saa moja kabla ya kula au masaa mawili baada ya kula. Hii ni ngumu kwa mtu wa kazi. Watu wengi hupewa hii dawa wanameza asubuhi na jioni pamoja na chakula juu ndivyo tumezoea dawa, alafu wanasema haifanyi. Mi nilitega alamu kwa simu, saa 12 asubuhi, saa 6 mchana, saa 12 jioni na usiku kabla ya kulala, na chakula tukakipanga kifuate dawa. Kwa kesi ndogo madaktari huandika siku 5 mpaka 7, ya kwangu iliongezwa juu ilikuwa imepanda sana, na kiasi anapanga daktari si mimi na si jamaa wa duka.

Na kuna hii mambo ya kupona nusu. Homa ikiisha na mguu ukianza kukunjamana unasikia umepona, vidonge vimebaki, na kuna mtu nyumbani anakohoa unataka kumgawia. Nikiwa kitandani nilisoma kwa simu habari ya polisi mmoja wa Uingereza, Albert Alexander. Mwaka wa 1941 kule Oxford uso wake ulikuwa umeliwa na hawa bakteria wawili, stafilokokasi na streptokokasi, na yeye ndiye mmoja wa watu wa kwanza duniani kupigwa penisilini kwa ugonjwa. Ndani ya siku chache alianza kupona, homa ikashuka, akaanza kula. Lakini dawa yote iliyokuwepo ilikuwa kidogo sana, wakawa hata wanakusanya mkojo wake wanatoa penisilini iliyopita humo wanamrudishia, na bado ikaisha. Ugonjwa ukarudi, akafa mwezi wa tatu mwaka huo huo. Yeye hakuacha dawa, dawa ndiyo ilimwacha. Sisi tuko nayo kwa mkono kwa karatasi, imelipiwa. Hiyo hadithi ilinikaa sana, na sikuacha hata kidonge.

Nyumbani watoto waliogopa kunikaribia na mama watoto aliambiwa na majirani atenge vyombo. Hapana, hii haiambukizi mtu kwa kushikana au kulala kitanda kimoja, iko ndani ya ngozi yako. Osha mikono ukifunga kidonda kama kiko, basi.

Ngozi yenyewe ilipona polepole kuliko dawa. Ilikauka ikatoka magamba, ikabaki alama nyeusi kwa muundi, na kwa muda mrefu jioni mguu ulikuwa unajaa kidogo kuliko mwenzake. Niliambiwa hiyo ni kawaida, vile vijia vidogo vinavyotoa maji kwa mguu vimeumia, na ndio maana mtu aliyeugua mara moja anaweza kuugua tena mguu ule ule. Kuna utafiti ulifanywa Uingereza na Ireland ukachapishwa 2013, walichukua watu 274 ambao selulitisi ya mguu ilikuwa imewarudia, wengine wakapewa penisilini kidogo mara 2 kwa siku mwaka mzima na wengine kidonge kisicho na dawa. Wa penisilini, 22 kwa kila 100 waliugua tena, na wale wengine ni 37 kwa kila 100. Inasaidia, lakini wakiacha dawa ile kinga inapungua. Kwa hivyo kwa mtu ambaye imemrudia mara kadhaa ni kitu cha kuuliza daktari, lakini mlango ukibaki wazi bado ni kazi bure.

Na mlango ni vidole. Nilipewa krimu ya klotrimazo nipake katikati ya vidole, na nikaambiwa niendelee nayo wiki 2 hivi baada ya ngozi kuonekana imepona, juu ile fangasi hukaa chini inangoja. Saa hii nikitoka kazini naosha miguu na maji safi na sabuni, nakausha katikati ya kila kidole na kitambaa chake peke yake, navaa slipa nyumbani hewa iingie. Gambuti niko na jozi mbili, moja inakauka kwa jua huku nyingine iko kazini, na soksi ni za pamba, nabeba nyingine za kubadilisha mchana. Kisigino nakipaka vaselini usiku kisipasuke. Wale vijana wa kazini nimewaambia mpaka wamechoka na mimi lakini wengi wamenunua krimu, na kila mtu sasa anaangalia vidole vyake.

Mama mboga wa hapa kwetu Nyalenda ndiye alinifanya nikaamua niandike. Yeye ana sukari. Aliniambia tu amelala vibaya na mwili unauma, amepimwa malaria hakuna, ameambiwa ni uchovu. Nikamwomba ruhusa nikamwambia, mama, hebu vua akala. Kwa sababu ya sukari nyayo zake hazisikii vizuri, kulikuwa na kipande cha kijiti kimeingia chini ya kidole na hakujua, mguu ulikuwa moto mpaka kwa kifundo. Hakukuwa na wekundu. Nikamchorea mama mstari kwa mguu na biro, nikamwambia mtoto wake aandike saa, wakaenda hospitali. Sukari yake ilikuwa juu sana, wakamlaza kwa sababu hiyo pia. Kama nyumbani kuna mtu wa sukari, nyayo zake ziangaliwe kila jioni, na kama macho yake yamechoka aangaliwe na mjukuu.

Sasa ile ya mguu mmoja. Baada ya haya yote mama yangu mzazi akapiga simu kutoka nyumbani, miguu imevimba, na mimi nikatoka mbio nikijua ni hiyo. Nimefika, miguu yote miwili imevimba sawasawa, ukibonyeza kidole kinaacha shimo, lakini si moto, haina maumivu, hana homa. Akaniambia, "Nyathina, ni tangu wabadilishe dawa ya presha." Ni kweli, alikuwa ameanzishiwa amlodipini, na hiyo dawa inajulikana kuvimbisha vifundo vya miguu kwa watu wengine. Hakuhitaji antibaiotiki hata moja, alihitaji kurudi kliniki ya presha, na hakuacha dawa mwenyewe, walimbadilishia huko. Miguu miwili ikivimba pamoja tafuta moyo, figo, mishipa, dawa za presha, selulitisi huwa mara chache sana miguu yote kwa wakati mmoja. Na mguu mmoja nao una kitu kingine kinachofanana, damu kuganda kwa mshipa wa ndani, shavu la mguu linavimba na kuuma hasa kwa mtu aliyelala hospitali siku nyingi, aliyefanyiwa upasuaji, mama aliyetoka kujifungua. Hiyo inahitaji kuangaliwa na altrasaundi ya mshipa, na bonge likiruka mpaka kwa mapafu linaua. Ndio maana sikubali mtu apige picha ya mguu anitumie nimwambie dawa. Mi naweza kukuambia ushike, ulinganishe, uchore na uende, lakini kupima ni kazi ya daktari.

Ya mwisho ni ya watoto, juu wazazi wananiuliza. Mtoto anaamka kope limevimba, moto, na ana homa, hasa baada ya mafua mabaya au baada ya kuumwa na mdudu karibu na jicho. Hiyo pia ni familia ya ugonjwa huu na lazima aonwe siku hiyo hiyo. Lakini kama akigeuza jicho analia, au jicho limesukumwa mbele, au halifunguki, au anasema anaona vitu viwili, basi imeingia nyuma ya jicho, na hapo karibu kuna ubongo. Usimwekee maziwa ya mama wala majani ya chai kwa jicho, usinunue dawa ya matone, mpeleke hospitali yenye daktari wa macho usiku huo.